Barua ya wazi kwa wenye gemu na waandaaji wa mashindano ya dunia: kabla ya kitita, tuonyesheni mlango

Waheshimiwa wenye gemu, waandaaji wa mashindano na viongozi wa mashirikisho,

Yah: Njia za kufuzu na malipo ya zawadi

Nawaandikia nikiwa nahodha wa timu ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisikia. Sishangai. Tumecheza michujo ya wazi misimu sita, na mara tuliyofika mbali kuliko zote tulitolewa hatua moja kabla ya mchujo wa kanda. Waliotufunga sina neno nao. Neno ninalo kwenu, mliochora njia.

Nianze na usiku mmoja. Mechi ya kuamua ilipangwa saa tisa na nusu usiku kwetu, kwa kuwa ratiba ilifuata saa za mahali seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, ilipo. Wachezaji wangu watatu walikuwa wametoka kazini jioni ile ile. Kwenye kona ya skrini pingi ilisoma 178. Pingi, kwa msiocheza, ni muda ambao amri yako inatumia kwenda kwenye seva na jibu kurudi, kwa milisekunde. Matokeo yalikuwa 11–11. Nikachungulia mlangoni, nikaona bunduki ya mpinzani inageuka upande wangu, nikarudi nyuma ya ukuta. Nilirudi kweli, ukuta ulijaa skrini nzima. Kisha nikafa. Kwa hesabu ya seva nilikuwa bado nimesimama mlangoni, maana habari ya kwamba nimerudi ilikuwa njiani, chini ya bahari.

Tulifungwa 13–11. Mmoja wa vijana akavua vipokea sauti, akavikunja waya polepole kama mtu anayefunga mzigo, akaenda kulala bila kusema kitu.

Sasa mtaniambia fanyeni mazoezi. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Anayekaa kilomita 8,000 kutoka kwenye seva anadaiwa milisekunde 80 za kwenda na kurudi kabla hujahesabu mzunguko wa nyaya na vituo vinavyopokezana data. Gemu za mapigano hutembea kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kila fremu milisekunde 16 na ushei, kwa hiyo deni hilo ni karibu fremu tano. Katika Street Fighter 6 kuna ngumi nyepesi zinazotoka kwa fremu nne. Yaani ngumi imeshafika usoni kabla hujajua kama imerushwa. Mazoezi gani yanatibu hilo?

Ndiyo maana neno "mchujo wa wazi" linanichekesha kidogo. Kombe la Dunia la Fortnite la 2019 linasifiwa kwa uwazi wake, na mimi pia nalisifu: Epic Games, wenye gemu hiyo, walisema zaidi ya watu milioni 40 walijaribu kufuzu. Lakini nafasi ziligawanywa kwa kanda sita za seva: Ulaya, mashariki ya Marekani Kaskazini, magharibi yake, Brazil, Asia na Oceania. Someni orodha hiyo tena taratibu. Kwa mtu aliyekuwa Afrika, mchujo ule ulikuwa wazi kama duka la ng'ambo ya mto lilivyo wazi kwa asiye na mtumbwi. Aliruhusiwa kuingia, kufika ndiko kulikuwa kazi.

Siwaombi mjenge seva kila mji. Naomba mambo ambayo hayana hata gharama kubwa. Pale ambapo timu za pembeni zimeunganishwa na kanda ya mbali, mechi ichezwe kwenye seva iliyo katikati ya wapinzani, au nusu huku na nusu kule, kama mechi za nyumbani na ugenini. Saa za mechi zizunguke, ili wiki hii nikeshe mimi na wiki ijayo akeshe mwenzangu. Na hatua ya mwisho ya mchujo, ile inayotoa tiketi, ichezwe ana kwa ana ukumbini. Pesa ya ukumbi mmoja mdogo haiwezi kuwashinda watu wanaokodi uwanja mzima kwa fainali.

Mimi mwenyewe nimewahi kusikia hoja inayotolewa dhidi yetu, niliisikia kutoka kwa mtu wa upande wenu, na alisema kwa upole kabisa: timu za kanda ndogo zikipewa nafasi hufungwa vibaya, watazamaji huzima, wadhamini hulalamika. Kuna ukweli ndani yake. Tutafungwa, tena mwanzoni tutafungwa sana. Lakini angalieni mabingwa wenu wenyewe walitokea wapi.

Mwaka 2018, miezi michache tu kabla ya The International, mashindano ya dunia ya gemu ya Dota 2, timu ya OG waliondokewa na wachezaji wawili waliohamia kwa wapinzani. Kocha wao akarudi kushika panya na kibodi, wakamwita mwenzao wa zamani, wakachukua kijana ambaye hajawahi kucheza mashindano yale. Hawakuwa na mwaliko. Wakaanza mchujo wa wazi, chini kabisa, pamoja na timu za watu wa aina yangu. Agosti, mjini Vancouver, wakaifunga PSG.LGD 3–2 na kuondoka na dola milioni 11.2. Mwaka 2021 Team Spirit nao walipita kwenye mchujo wa kanda ya Ulaya Mashariki, wakaja kutwaa kikombe chenye fungu la zawadi kubwa kuliko yote katika historia ya Dota 2. Mwaka 2022 DRX waliingia mashindano ya dunia ya League of Legends wakiwa wawakilishi wa nne wa ligi yao, wakaanzia hatua ya awali kabisa, na mwezi Novemba wakawafunga T1 3–2 huko San Francisco. Hakuna timu iliyokuwa imeanzia hatua hiyo ikatwaa ubingwa kabla yao.

Na kwenye gemu za mapigano yupo Arslan Ash. Mwaka 2019 dunia ya Tekken haikuwa ikiitazama Pakistani hata kidogo. Jamaa akahangaika na viza na ndege, akafika mashindano ya Evo Japan, akashinda. Miezi michache baadaye akashinda Evo ya Las Vegas pia. Evo haina mwaliko: unalipa ada, unaandikwa kwenye jedwali, unacheza mpaka ufungwe mara mbili. Kama mashindano yale yangeendeshwa kwa viwango vya mwaka uliotangulia, nani angemwalika mtu asiyejulikana kutoka nchi isiyojulikana?

Hapo ndipo nafika kwenye mialiko na viwango. Nawapongeza Valve, wenye Counter-Strike na Dota 2, kwa jambo moja. Mwaka 2023 walitangaza kwamba kuanzia 2025 waandaaji wa Counter-Strike hawataruhusiwa kuwa na ushirika maalumu wa kibiashara na timu zinazoshiriki, mialiko itafuata viwango vinavyojulikana au mchujo wa wazi, na malipo yote yawekwe hadharani. Hesabu yenyewe ya viwango waliianika, kila mtu aisome. Nimeisoma. Inaangalia umewafunga nani, umeshinda mechi ngapi ukumbini, na pesa za zawadi: zako na za wale uliowafunga. Ni hesabu safi. Ila kwa timu ambayo hakuna ukumbi wala zawadi za maana karibu nayo, hesabu safi inatoa jibu lile lile kila mwezi. Ili upate pointi ucheze na wenye pointi, na ili ucheze nao uwe na pointi. Mwenye nacho huongezewa. Hesabu ile iacheni. Ninachoomba ni nafasi mbili tatu katika kila mashindano makubwa zisiguswe nayo kabisa, zipatikane kwa kushinda mchujo tu.

Afadhali viwango, lakini, kuliko biashara ya viti. Overwatch League iliuza nafasi za ligi kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 20 kila moja kwa klabu za kwanza. Hakukuwa na kushuka daraja wala kupanda. Ligi ikafa baada ya msimu wa 2023. Sitaki kusema zaidi juu ya maiti.

Hapa wengine wenu huwa mnarushiana mpira. Mwandaaji anasema kanuni ni za mwenye gemu. Mwenye gemu anasema ratiba ni ya mwandaaji. Shirikisho linasema linasubiri barua. Naomba tukubaliane jambo moja, kwa sababu linatutofautisha na wenzetu wa viwanjani. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Watu wakitaka kucheza kombe lao uwanja wa shule, hawaombi ruhusa kwa aliyeuvumbua mpira. Gemu ina mwenyewe. Hakuna mashindano makubwa ya League of Legends bila ruhusa ya Riot, wala ya Street Fighter bila Capcom. Leseni inatoka kwenu, basi masharti ya leseni nayo yatoke kwenu. Mnajua kuandika masharti ya nembo iwe na ukubwa gani kwenye bango. Andikeni pia siku ambayo mchezaji atalipwa.

Nije kwenye pesa.

The International ya kwanza, Cologne 2011, ilikuwa na zawadi ya dola milioni 1.6. Mwaka 2013 Valve wakaanza kuingiza robo ya mauzo ya kijitabu cha kidijitali cha mashindano kwenye fungu la zawadi, mashabiki wakanunua, na fungu likapanda mwaka hadi mwaka mpaka likavuka dola milioni 40 mwaka 2021. Bingwa peke yake alichukua milioni 18.2, yaani asilimia 45.5. Timu mbili za mwisho zilipata kama dola 100,000 kila moja. Aliyepoteza fainali ya mchujo wa kanda yake hakupata hata senti ya fungu lile. Utaratibu wa mauzo ulipobadilishwa, fungu la 2023 likawa milioni 3 na ushei. Sikulia lilipoporomoka. Wengi wetu hatukuwa tumeligusa lilipokuwa juu.

Nimepiga hesabu ndogo, nanyi ipigeni. Chukueni asilimia 5 ya fungu la 2021 kutoka kwenye sehemu ya bingwa. Ni dola milioni 2. Kanda za mchujo zilikuwa sita. Tuseme timu nne zinazotolewa mwisho katika kila kanda, jumla 24. Kila timu ingepata zaidi ya dola 83,000, na bingwa angebaki na milioni 16. Kwa fungu la milioni 3, asilimia hiyo hiyo ingekuwa dola 6,250 kwa timu. Mnaweza kucheka. Kwa watu watano ni dola 1,250 kila mmoja, na nimeona vijana wenye kipaji wakiacha gemu kwa kukosa chini ya hapo.

Wala si jambo geni. Fortnite hiyo hiyo ya 2019 ililipa dola milioni 1 kwa kila wiki ya mchujo, wiki 10 mfululizo, na kila aliyefika fainali New York aliondoka na dola 50,000 kwa uchache. Watu wanamkumbuka Bugha, kijana wa miaka 16 aliyebeba milioni 3. Mimi nakumbuka zile za wiki, kwa sababu ndizo zilizomfikia mtu ambaye jina lake hakuna anayelijua.

Siku hizi fedha kubwa zimehamia Riyadh. Kombe la Dunia la Esports lilitangaza zaidi ya dola milioni 60 mwaka 2024 na zaidi ya milioni 70 mwaka 2025, na sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwa klabu zinazokusanya pointi katika gemu nyingi kwa pamoja. Team Falcons walitwaa ubingwa wa klabu miaka yote miwili. Siwalaumu, wamecheza. Lakini shindano la klabu yenye timu kumi na kitu kwenye gemu kumi na kitu ni shindano la mifuko kabla ya kuwa la vidole, na timu moja ya gemu moja haina la kufanya humo zaidi ya kusubiri kununuliwa.

Kuhusu kulipwa, nitasimulia letu. Miaka mitatu iliyopita tulishika nafasi ya tatu katika mashindano ya mtandaoni ya kimataifa. Kanuni zilisema siku 90. Siku ya 91 niliandika barua pepe, nikajibiwa ndani ya saa moja, kwa tabasamu la njano na neno "karibuni". Baadaye majibu yakaanza kuchukua wiki. Tukaombwa fomu, tukatuma. Tukaombwa fomu ile ile, tukatuma tena. Mwezi wa kumi na nne pesa ikaingia, pungufu kwa zaidi ya theluthi moja, bila karatasi ya kueleza kilichokatwa ni kodi, ni ada ya benki, au ni nini. Wakati huo mchezaji wetu bora alikuwa ameshauza kompyuta yake. Simtaji mwandaaji, hata hivyo jina lake halipo tena kwenye biashara hii.

Kwa hiyo naomba hivi: zawadi iwekwe kwenye akaunti ya mtu wa tatu kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa. Asiyeweza kuiweka asipewe leseni. Tangazo la zawadi litaje kiasi kitakachokatwa; mathalani Marekani mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi hukatwa asilimia 30, na kijana wa miaka 17 hawezi kulijua hilo kwa kuota. Na kila malipo yawe na karatasi yake.

Viza ni hadithi ndefu, nitaifupisha. Mchujo ukiisha wiki tano kabla ya mashindano, na ubalozi unatoa miadi ya usaili baada ya miezi miwili, mmempa mtu tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka. Mchujo uishe walau miezi mitatu kabla. Barua ya mwaliko itoke ndani ya wiki moja, na iwe na jina la mtu ambaye ofisa wa ubalozi akipiga simu anaipokea. Viza ikinyimwa, nafasi ishuke kwa timu inayofuata ya kanda hiyo hiyo, isihamishiwe kanda nyingine yenye watazamaji wengi. Hilo la mwisho limeshawahi kufanyika mbele ya macho yangu, na aliyefanya aliliita "dharura ya kiufundi".

Viongozi wa mashirikisho, nanyi siwaachi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza mwaka 2024 Michezo ya Olimpiki ya Esports kwa ushirikiano wa miaka 12 na Saudi Arabia. Oktoba 2025 ushirikiano ukavunjwa. Katikati hapo nawajua vijana wawili walioacha timu zao ili wawe huru timu ya taifa ikiitwa. Hakuna aliyewaandikia kuwaambia kwamba haitaitwa. Mkitangaza jambo kwa ngoma, lifuteni nalo kwa ngoma.

Mwisho, kanuni za kufuzu zitangazwe msimu mzima kabla, na zikishatangazwa zisiguswe. Tumewahi kumaliza mchujo wa kwanza tukiwa na pointi zinazotosha, tukaambiwa kwamba mfumo wa pointi umebadilika na mchujo ule sasa ni wa "majaribio". Hatukuwa tumeambiwa kwamba tunajaribiwa.

Naomba jibu kabla usajili wa msimu ujao haujafunguliwa. Wachezaji wangu wawili pasi zao za kusafiria zinaisha muda mwaka huu, na wameniuliza kama walipie mpya. Nimewaambia wasubiri kidogo.

Wenu,

Nahodha, timu ya wachezaji watano na mmoja wa akiba